Siku Niliyomkana Mama Sokoni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia nashusha macho, ingawa nywele zangu zimekwisha kuwa nyeupe. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili hivi, hapa hapa Karuba, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Siku hiyo nilimkana mama yangu mzazi mbele ya soko zima.

Mama alikuwa na kifafa. Nyumbani hatukulitaja jina hilo, tulisema tu "ile kitu." Ile kitu ilimwangusha shambani, njiani, na mara moja motoni, akabaki na kovu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Mimi nilikuwa mzaliwa wa kwanza, basi nikajifanya mlinzi wake bila kutumwa na mtu. Akienda mtoni, nami nyuma. Akiinama kupuliza moto, naacha kazi nimshike nguo. Wasichana wenzangu wakiteremka kilima kwa nyimbo na vicheko, nabaki mlangoni nikisikiliza kama kuna kishindo ndani. Watu walinisifu: mtoto mpole huyu, hasumbui. Kumbe sikuwa mpole, mwanangu. Nilikuwa nimejaa hofu mpaka shingoni.

Na ndani ya hofu kulikuwa na siri. Mara ya kwanza kumwona Mama akianguka nilikuwa na miaka minane. Asubuhi hiyo alinituma maji, nikakataa. Akaenda mwenyewe, akarudi amekasirika, na pale mlangoni akaanguka. Tangu hapo nilijua, kama watoto wanavyojua mambo yao, kwamba ni mimi niliyemletea ugonjwa. Miaka minne sikumwambia mtu.

Sasa, siku yenyewe ya soko. Mama alikuwa ameketi na maharagwe yake, na karibu naye Shangazi Veronika, dada wa baba yangu, na viazi vyake. Ghafla Mama akakakamaa, akaanguka juu ya kikapu. Watu wakatawanyika.

"Musimuguse! Ile mate inaambukiza!"

Anjelina, msichana wa darasa letu, akanigeukia. "Ule si mama yako?"

Nikasema, "Hapana." Kisha nikaondoka, kwanza kwa kutembea, halafu mbio.

Shangazi alibaki naye peke yake. Alipomfikisha nyumbani, akaja kunitafuta, akanikuta nimejikunja katikati ya shamba la mahindi. Nilingoja fimbo, maana Shangazi alikuwa na mkono mzito, nisikudanganye. Lakini aliketi chini kwenye udongo, kando yangu.

"Umekana mama yako," akasema. "Ile ni mubaya, na wewe mwenyewe ndiye utamuambia. Lakini mutoto hakimbie mama yake bure. Uko unabeba nini?"

Mwanangu, watu wote walikuwa wakiniuliza Mama anaendeleaje. Mimi, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nililia mpaka nikapata kwikwi, nikamweleza yote. Akanishika mkono, tukaenda.

Mama alikuwa amelala mkekani. Nilipiga magoti, nikamwambia nilivyomkana sokoni, nikamwambia na habari ya yale maji. Akainuka taratibu, akaketi.

"Mariyana, hii ugonjwa ilinishika ningali binti kwa baba yangu. Wewe ulikuwa bado kuzaliwa. Papa yako alinioa akijua. Ungeleta ile maji ao ungekataa, ningeanguka tu." Akanifuta uso kwa kiganja chake. "Mimi ndiye nilikosa. Niliona unanyamaza, nikafikiri uko sawa."

Kuanzia siku ile tulilitaja jina la ugonjwa. Shangazi alitufundisha, mimi na wadogo zangu wawili: ondoeni moto, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, ngojeni. Na kazi ya kumwangalia Mama tuligawana, watu wazima kwa watoto. Alasiri mbili kila juma Shangazi alinifukuza nyumbani: "Enda ucheze!" Mwanzoni sikujua hata nicheze nini. Nilisahau, fikiria.

Haukupita muda, Jumapili moja kanisani, Mama akaanguka mbele kabisa, karibu na waimbaji. Mabenchi yakasukumwa. Zile sauti za sokoni zikaanza tena. Lakini safari hii miguu ilinipeleka kwake. Nikamlaza ubavu, nikaweka kichwa chake mapajani mwangu, nikamfuta mate kwa mkono wangu mtupu, watu wote wakiona. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo:

"Huyu ni mama yangu! Nakula naye, nalala karibu naye, na sina ugonjwa. Mutuachie tu nafasi apumue."

Kisha Anjelina akatoka kwenye benchi lao, akaja kupiga magoti upande wa pili, akamshika Mama mkono. Mama yake akamfuata. Mmoja mmoja wanawake wakakaribia. Mama alipofumbua macho alikuta amezungukwa, na waimbaji wameanza upya ule wimbo uliokatika. Akaumalizia nao palepale chini, akiwa bado mapajani mwangu!

Kifafa hakikumwacha, ingawa baadaye vidonge vya hospitali vilikipunguza. Lakini msimu ule wanawake walimwita kulima pamoja nao, akala nao sahani moja. Nami nilicheka tena, nikaimba, nikamaliza shule, nikawa mwalimu. Mama aliishi akawabeba watoto wangu wanne.

Basi, mwanangu, kama mzazi wako ni mgonjwa, sikia: si wewe uliyemletea ugonjwa. Uliza kinachomsumbua. Hofu yako mwambie mtu mzima unayemwamini, wala usione haya kwenda kucheza. Ukiwa mzazi kesho, usidanganywe na ukimya wa mtoto. Na ukipita kumjulia hali mgonjwa, mgeukie pia mtoto wake umwulize, "Na wewe je?"

Mungu akupe moyo usiokimbia watu wako, na akupe watu wasiokukimbia. Ukue, uzae, ucheke mpaka uzeeni.