Mapigo Matatu ya Spana

Watu walimwita Vipimo, naye aliitika. Alikuwa fundi wa pampu za maji hospitalini, mtu mpole wa miaka arobaini, ambaye hakukata hata kamba ya kuanikia nguo kabla ya kuipima mara mbili na kuandika urefu wake daftarini. Mkewe alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi alimkuta bwana harusi amechutama mlangoni na futi kamba, anaangalia kama kabati litapita.

Burudani yake ilikuwa moja tu: dhahabu ya mtoni. Si ya kuuza. Kila Jumamosi alikwenda na beseni, akachekecha mchanga tangu asubuhi, akarudi na chembe tano au sita zisizozidi unga wa sembe. Alizitia katika kichupa cha dawa kilichojaa maji, na Jumapili alikaa dirishani akikitikisa, akizitazama zinavyoshuka. Basi. Wengine hucheza bao.

Lakini kulikuwa na kitu alichokitaka kuliko dhahabu, na hicho hakumwambia mtu. Baba yake, naye fundi wa mabomba, alitoka nyumbani asubuhi moja Vipimo akiwa na miaka tisa. Baiskeli ilikuwa imesheheni mabomba na injini ndogo. Akasema anakwenda kumaliza kazi. Hakurudi. Wiki ile mvua ilinyesha kama mbingu imetoboka. Majirani walimtafuta siku mbili, kisha wakapata maelezo matamu zaidi: mwanamke mmoja muuza chai alikuwa amehama mtaa siku zile zile. Wakasema mabomba kayauza, nauli imepatikana.

Mama akabaki na jina la mke wa mtoro. Kwa miaka thelathini na moja hakumjibu mtu, ila komeo la mlango wa mbele hakulifunga hata siku moja.

"Mwenye nyumba hapigi hodi kwake," alisema.

Wezi waliingia mara mbili. Komeo likashika kutu pale pale lilipokuwa.

Vipimo alitaka kujua jambo moja tu: baba aliwaacha, au hakuwaacha?

Mwaka huu mchwa waliingia stoo ya mama. Vipimo akalisogeza kabati la vyuma, zito kama dhambi, ambalo halikuwahi kuguswa tangu utoto wake. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na mchoro wa mkaa. Aliutambua mkono kabla ya kuuelewa mchoro: namba saba zilikuwa na mkia, kama baba alivyoziandika. Kisha akauelewa. Ilikuwa mashine ya kufyonza mchanga wa mtoni. Pampu inasukuma maji kwa nguvu ndani ya bomba kubwa, maji hayo yanavuta mchanga kutoka chini, mchanga unapita juu ya kisanduku cha mteremko kilichotandikwa zulia, na dhahabu, kwa uzito wake, inabaki kwenye manyoya ya zulia. Pembeni palikuwa na kompresa ya kumpelekea hewa mtu aliye chini ya maji. Na kwenye kona, jiwe lenye nundu mbili. Jiwe hilo Vipimo alilijua. Lilikuwa juu ya bwawa la mto ambako hata vyura hawakuwa wakilia.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baba naye alipenda dhahabu ya mtoni.

Aliunakili mchoro kwa saa mbili, mstari kwa mstari. Kisha akaanza kujenga, kila jioni baada ya kazi, uani kwake. Mabomba ya plastiki alipata kwenye chakavu za hospitali, injini alitoa kwenye pampu ya kumwagilia, na kuelea kwake kulitegemea tyubu mbili za lori. Mdomo wa kufyonzea tu ndio ulikuwa wa chuma.

"Sasa nina mke mwenza," mkewe alisema akipita na ndoo. "Tena wa plastiki. Afadhali huyo hatakula."

Aliyemsaidia ni shemeji yake, kaka wa mkewe, kinyozi mwenye mdomo usio na likizo. Siku ya kufunga kompresa, kinyozi alichuchumaa, akainamisha kichwa.

"Shemeji, hii pua ya kompresa mbona inanusa matako ya injini? Hapa moshi unatokea, hapa hewa inaingia. Utavuta nini huko chini, sigara?"

"Ni kipimo cha baba."

"Sawa, ni cha baba. Lakini baba hakuwa malaika."

"Kipimo cha mzee hakisahihishwi, shemeji."

Vipimo huyu aliwahi kurudisha michoro ya wahandisi hospitalini, ameikosoa kwa kalamu nyekundu. Lakini mbele ya zile saba zenye mkia alikuwa tena mtoto wa miaka tisa, kazi yake kupokeza vifaa. Baba alikuwa na desturi moja: akimaliza kazi, aligonga bomba kwa spana mara tatu, ngo, ngo, ngo, polepole, akisikiliza mlio. Hapo mtoto alijua ni wakati wa kukusanya vifaa. Na kila pete ya shaba ya kuungia mabomba aliyoichonga mwenyewe aliitia alama tatu za tupa, ili ijulikane ni yake.

Jumamosi waliishusha mashine kwenye lile bwawa. Jua lilikuwa kali, mchanga ukingoni ulichoma nyayo, lakini maji yalikuwa meusi na yalinyamaza kabisa. Injini ilipowaka, hata kelele yake ilionekana kumezwa.

"Mahali hapa hapanipendi," kinyozi alisema.

"Angalia kisanduku."

"Naangalia. Ila ukikutana na mtu huko, mimi simo."

Vipimo akauma mdomo wa mpira wa hewa, akajifunga mawe kiunoni, akazama. Chini kulikuwa na mwanga wa rangi ya chai. Aliushika mdomo wa chuma kwa mikono miwili, na mchanga ukaanza kuondoka mbele yake kama unaitwa. Shimo likaenda chini hadi magotini, kisha kiunoni. Kitu cha mviringo kikapita, kikagonga bomba kikipanda: kifuniko cha kengele ya baiskeli. Baadaye kifungo. Halafu kingine, cha aina ile ile.

Kichwa kilianza kumgonga. Kisha maumivu yakaisha, na mahali pake pakaja utamu, kama usingizi wa mchana baada ya shibe. Aliona hakuna haraka. Aliona lile shimo limemtosha kwa kipimo, kana kwamba limechimbwa kwa ajili yake. Akakaa ndani yake.

Ngo.

Aliusikia mlio kwenye mdomo wa chuma, ndani ya viganja vyake.

Ngo. Ngo.

Polepole, kwa nafasi aliyoijua. Kazi imekwisha. Hakufikiri, alitii, kama alivyotii siku zote. Akafungua mkanda wa mawe, akaachia, akapanda.

Kinyozi alimburuta hadi kwenye mchanga. Vipimo alitapika, akalala chali, midomo yake myekundu kama aliyekula tambuu.

"Ulinigongea," alisema alipoweza kusema.

"Nani? Mimi?"

"Kwa spana. Mara tatu."

"Shemeji, spana umeisahau nyumbani. Ulilalamika njia nzima." Kinyozi hakuwa anacheka. "Na bomba ni plastiki tupu kuanzia hapa hadi chini. Wa kuugonga mdomo wa chuma sharti awe huko huko chini."

Injini ilikuwa bado inaunguruma. Vipimo akageuza kichwa, akaona pua ya kompresa imekuwa nyeusi kwa masizi. Akaelewa jinsi baba alivyokufa: amekaa, anavuta moshi, hana haraka, kwa kipimo chake mwenyewe. Halafu mvua ikaja, mto ukajaa, ukabeba kila kilichokuwa juu.

"Zima," alisema.

Kwenye zulia la kisanduku kulikuwa na chembe kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Kinyozi alizionyesha kwa kidole, yeye hakuzitazama. Alichukua kilichokuwa katikati yake. Pete ya shaba, imeota kijani. Akaisugua kwa kidole gumba. Alama tatu za tupa.

Saa kumi alasiri alikuwa kwa mama. Alimwekea pete kiganjani na kumweleza yote, ila mapigo hakuyataja. Mama aliipapasa alama moja moja, kama anayehesabu watoto.

"Mtu anayetoroka hapitii chini ya maji," alisema mwishowe. "Hakuniacha."

"Hakutuacha, mama."

Alilia kidogo, bila sauti. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga na kunyoosha kidole mlangoni. "Litie mafuta hilo komeo."

Vipimo alilisugua komeo, akalitia mafuta, akalichezesha hadi likalegea. Mama akainuka, akalisukuma mwenyewe. Likaingia.

Vipimo akaenda stoo na kipande cha mkaa. Alisimama mbele ya mchoro kwa muda mrefu. Kisha akapima, akafuta pua ya kompresa kwa kiganja, akaichora upya mbali, juu, upande unakotoka upepo. Mstari ulinyooka.

Bomba la maji lililopita ukutani likalia. Ngo. Ngo. Ngo.

"Umemaliza huko?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

Vipimo akatazama mikono yake. Haikuwa na kitu ila mkaa.

"Tumemaliza, mama," akajibu, akaanza kukusanya vifaa.