Kachiri za Mama na Kitufe cha Kengele

Enzi zetu kachiri, zile chipsi kavu za muhogo, hazikutoka kiwandani. Zilitoka kwa mamake mtu. Ukifungua paketi shuleni ulijua ni mkono wa nani, kwa jinsi muhogo ulivyokatwa na pilipili ilivyokuuma. Za nyumba yetu, pale Kibokoni, zilijulikana kwa ukavu. Zilivunjika mdomoni kwa kishindo ambacho mwalimu wa hesabu alikisikia hata akiwa ameligeuzia darasa mgongo. Leo wanangu hula vitu vyepesi kutoka kwenye mfuko uliojaa upepo kuliko chakula, kisha huniambia vina ladha ya kuku. Hakuna kuku aliyepita hapo.

Siri ya ukavu ilikuwa mdomo wa paketi. Hewa ya Mombasa yenyewe ina maji. Ukiacha kachiri wazi tangu adhuhuri, alasiri utazikuta zimelegea kama ulimi. Kwa hiyo kila siku baada ya magharibi Mama alitandika jamvi uani, akawasha mshumaa juu ya kisahani, nasi tukauzunguka: yeye, dada yangu Zuhura, mimi, na Shangazi Mwanaisha, dadake Baba, aliyekaa nyumba ya pili. Mama alijaza. Zuhura alikunja mdomo wa nailoni juu ya kipande cha msumeno wa chuma, akaupitisha kwenye ncha ya moto, upesi, nailoni ikashikana. Mimi nilipanga paketi kwenye beseni. Kazi ya Shangazi ilikuwa kusema, "Mmesikia?"

Huwa hatujasikia. Basi tulisikia: nani kaposa akakataliwa, sahani ya nani ya mahamri imerudishwa nzima kama ilivyokwenda, fundi gani wa Makupa kashona suti yenye mkono mmoja mrefu, kisha akamlaumu bwana harusi. Uani kulinuka nta, nailoni na ndimu. Mama alikuwa na msemo wake, na akiusema humtazama wifi yake: "Mdomo wa paketi ni kama wa mtu. Usipozibwa, kilichomo huharibika." Shangazi alicheka, akaendelea. Miaka mingi baadaye nilikwenda chuo kikuu kusomea masimulizi, nikalipiwa karo ili nifundishwe kwa maneno magumu kile nilichokuwa nikipewa bure pamoja na makombo ya kachiri.

Siku moja hadithi ilikuwa tamu mno. Zuhura aligeuka kumtazama Shangazi, na nailoni ikamdondokea vidoleni. Nailoni iliyoyeyuka haibanduki kama nta. Hunata, na huku imenata inaendelea kuchoma. Ulikuwa mkono wa kulia, katika mwaka wake wa mtihani wa darasa la nane. Baba alimpeleka hospitali, na waliporudi akauzima ule mshumaa kwa vidole vyake mwenyewe.

"Moto na watoto haviketi jamvi moja," akasema. "Kachiri basi."

Mama alilikunja jamvi, na kwetu hilo lilikuwa zito kuliko ugomvi. Kachiri ndicho kitu pekee katika nyumba ile kilichoitwa kwa jina la Mama. Jamvi likabaki limekunjwa. Shangazi alikuja na habari zake, akasimama mlangoni, akarudi nazo. Baba alikuwa amezoea kulalamika juu ya kelele zetu. Kumbe kimya ndicho kilichomshinda.

Alikuwa karani bandarini, si fundi wa chochote, lakini Jumapili moja alijifungia na chaja ya betri ya gari iliyotupwa. Akatoa transfoma yake, ile inayoushusha umeme wa ukutani ukawa mdogo, usioweza kumuua mtu. Akanyoosha waya wa koili ya jiko juu ya ubao, ncha moja akaifunga kwa springi ili usilegee ukipata joto, akaufunika kwa utepe usioshika moto. Ubao wa pili akautia bawaba, uje juu kama taya. Mwisho akafunga kitufe cha kengele ya mlango. Ukibonyeza, waya unapata joto, ukiachia, unapoa. Hakuna ndimi za moto, hakuna kidole kinachokaribia waya.

Tatizo likawa muda. Paketi ya kwanza haikushika, ya pili ikatoboka. Baba alivua saa yake akaishika kama mwamuzi wa mpira, na bado zikaharibika. Mama, aliyekuwa akitazama kwa mbali kama asiyehusika, akasogea. Akabana, akabonyeza, akasoma "Bismillahi Rahmani Rahim" bila haraka, akaachia. Mdomo ulikuwa umezibwa kwa mstari ulionyooka kama wa rula.

"Vaa saa yako, Baba Zuhura," akasema.

Jamvi likatandikwa tena. Zuhura alipona, na hakuna mtu aliyeungua tena nyumbani kwetu. Baba alishinda, na alistahili. Ila hatukujua kwamba huwezi kusoma Bismillahi huku unasikiliza umbeya. Shangazi alisema, "Mmesikia?" Zuhura, midomo ikimcheza, akainua kidole: subiri. Akimaliza paketi, imefika nyingine. Akitega sikio, paketi inatoboka. Halafu mashine haikuhitaji watu wengi. Mimi niliambiwa niende nikadurusu, na ndivyo nilivyofika chuo kikuu. Shangazi akaanza kuchelewa, kisha akawa anapitia kuchukua fungu lake la kachiri tu.

Tulibakiwa na siku za stima kupotea. Mashine ilikufa, Mama akawasha mshumaa wa kuonea tu, kwa amri ya Baba, na tukakaa mikono mitupu. Haikupita muda kichwa cha Shangazi kikachomoza mlangoni kama aliyeitwa. Niliomba dua stima zipotee, na wenye stima enzi zile walikuwa wepesi wa kuitikia.

Sasa mifuko ya nailoni imepigwa marufuku. Mama na Shangazi wamelala makaburini, na Zuhura yuko Maskati na alama zake vidoleni. Mashine ninayo mimi, kitufe kimegeuka manjano.

Juzi stima zilipotea hapa Ganjoni. Wanangu kila mmoja akawasha simu akajifungia nayo chumbani, midomo imezibwa kuliko paketi yoyote ya Mama. Nikawasha mshumaa, nikauweka juu ya kisahani, nikaketi chini. Mdogo wao akatoka akaniuliza kama simu yangu imeisha chaji. Nikamwambia akae. Akakaa, akautazama moto.

"Mmesikia?" nikasema, ingawa alikuwa peke yake.

Akafungua mdomo kuniuliza nini, na stima zikarudi.