Kitabu Alichokifuta Rhoda

Kwa miaka kumi na saba Rhoda Haskett alifundisha akiwa amesimama. Si kwamba viti vilipungua. Meza ile ya jikoni mumewe Dwight aliichonga mwenyewe kwa mbao za mwaloni, akaipa viti vitano, kimoja kwa kila mtu wa nyumba ile. Lakini mama mwenye watoto watatu mezani, huyu anasoma silabi, yule anagawanya desimali, na mwingine amelaza shavu juu ya ramani ya Afrika anasinzia, mama huyo hakai. Anazunguka. Mkono mmoja una mwiko, mkono mwingine una kitabu cha majibu. Akifika nyuma ya kiti anainama, anatazama, na jibu likiwa si lenyewe anakohoa kidogo, anaendelea na safari. Sakafu ilikwisha kung'aa kuizunguka meza ile, njia nyembamba kama ya mbuzi waendao mtoni. Kiti chake mwenyewe kilikuwa kinawekwa kikapu cha nguo za kupiga pasi.

Kwenye vilima vya kusini mwa Missouri hakuna aliyemshangaa. Wenye kusomesha nyumbani walikuwa wengi, na kila Ijumaa walikutana katika ukumbi wa chini wa kanisa, watoto wakaimba na kupasua vyura vya somo la sayansi, akina mama wakabadilishana vitabu na bakuli za saladi ya viazi. Ila mwaka huo Ijumaa zilikufa. Familia mbili zilihama, ya tatu iliwapeleka watoto shule ya mjini, na mama wa nne akasema hawezi kupasua chura kwa ajili ya watoto wawili.

Na nyumba ya Rhoda nayo ilikwisha kupungua. Ezra, wa kwanza, alikuwa Oklahoma analaza mabomba. Keziah, wa pili, aliondoka mwezi wa sita kwenda Kansas kutunza wazee huku akisomea uuguzi. Alibaki Junia, miaka kumi na mitatu, mtoto wa maneno machache, ambaye maisha yake yote alisoma bega kwa bega na Keziah.

Siku moja ya mwezi wa saba Junia alikuwa anakatakata maharage mabichi na mama yake, akauliza bila kuinua macho, "Mama, lile basi la njano linasimama kwa akina nani?"

"Kwa wanaosoma mjini."

"Aha," akasema Junia, akachukua haragwe jingine.

Rhoda alimpelekea Dwight neno hilo kama mtu aliyeokota risasi uani. Dwight, dereva wa lori la chakula cha mifugo, alikuwa mtu wa kupima mzigo kabla ya kuubeba. Akasema, "Tumpe mpaka mwisho wa Oktoba. Akikaa vizuri pale mezani, sawa. Akianza kunyauka, apande basi. Tusimfunge mtoto kwa sababu sisi tumezoea."

Rhoda akakubali kwa mdomo. Moyo wake haukusema kitu. Tangu siku hiyo kila alichofanya, alifanya akihesabu wiki za kufikia Oktoba.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi moja. Vitabu vyao vilirithiwa. Alichokisoma Ezra kilishuka kwa Keziah, cha Keziah kikashuka kwa Junia, na kwa hiyo sheria ilikuwa moja tu, nzito kuliko zote: kitabuni huandikwa kwa penseli. Wino ulikuwa wa barua na hundi. Kisha Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, kabla mwaka wa masomo haujafunguliwa, watu wote walikusanyika mezani na raba kufuta majibu ya aliyetangulia katika vitabu vya mwaka mpya. Waliiita Siku ya Kufuta. Dwight alipasua tikiti maji, na aliyekusanya unga mwingi wa raba ndiye aliyekula moyo wa tikiti. Ezra aliwahi kukamatwa akisugua raba kwenye mguu wa meza ili aongeze wake. Miaka na miaka walimtania kwa hilo.

Mwaka huo Rhoda aliifikiria Jumamosi hiyo, akamwona Junia amekaa peke yake na raba, viti vinne vimemtazama, na tikiti zima mbele yake. Akasema la, mtoto hataonja hilo. Alhamisi, Junia alipopanda lori na baba yake kwenda kupeleka chakula cha kuku, Rhoda akatoa kitabu cha aljebra cha Keziah, kile ambacho Junia angekianza mwaka huu, akakifuta mwenyewe. Masomo mia moja na ishirini. Alifuta akiwa amesimama kando ya dirisha, jalada hadi jalada.

Pembezoni mwa kurasa aliona maneno. Keziah alikuwa mtundu tangu zamani. Penye somo moja palikuwa na maneno haya: *Mama akikohoa mara moja, angalia tena. Akikohoa mara mbili, umeharibu.* Rhoda akacheka peke yake jikoni, akapitisha raba. Kwingine hakusoma hata. Macho yalitafuta rangi ya penseli tu, na mkono ukafuata. Jioni kidole gumba kilikuwa kimechubuka. Kitabu kilikuwa safi kama kilichotoka kiwandani, na Rhoda akakiweka mahali pa Junia kwa furaha ya mtu aliyemtandikia mgeni kitanda.

Jumatatu masomo yakafunguliwa. Rhoda alivaa viatu.

"Mwalimu mkuu," Dwight akasema, mdomo umejaa mkate uliochovywa mchuzi mweupe wa soseji, "leo viatu? Mkaguzi anakuja?"

"Kula uende."

"Naenda, lakini picha kwanza."

Picha ya siku ya kwanza ilipigwa barazani. Baraza lilikuwa na ngazi tatu, na kila mtoto alikuwa na yake: Ezra ya juu, Keziah ya kati, Junia ya chini.

"Simama hapo pako," akasema Dwight, simu mkononi.

"Hapa ni pa mdogo," akasema Junia.

"Si wewe ndiye mdogo?"

"Mdogo wa nani, Baba?"

Dwight akatazama ngazi mbili tupu. Akapiga picha haraka, akasema imetoka nzuri sana, akaingia lorini.

Ndani waliimba wimbo mmoja, wakasoma zaburi moja, sauti mbili ambazo zilishindwa kulijaza jiko. Kisha Rhoda akashika mwiko wake na kitabu cha majibu, akaanza kuzunguka. Junia akavuta aljebra. Rhoda aliyaona mambo yote kutoka nyuma: mtoto alifungua somo la kwanza upesi, kama mtu anayefungua kifurushi. Akatulia. Akafungua la pili. La tatu. Akaenda mwisho kabisa wa kitabu, akarudi.

"Mama, umekifuta?"

"Chote! Nimekuondolea kazi hiyo. Unakumbuka ilivyokuwa ikituchosha?"

Junia akarudi kwenye ukurasa wa kwanza. "Asante, Mama," akasema, akachukua penseli, akaanza swali la kwanza.

Rhoda akazunguka tena. Alipozunguka mara ya nne ndipo alipogundua kwamba mtoto yuleyule ndiye anayepitiwa kila mara.

Mchana Keziah akapiga simu, sauti imechangamka. "Haya, mpe huyo mwanafunzi wako simu, anisomee la kwanza."

"La kwanza lipi?"

"Lile la somo la kwanza. Pembeni."

Rhoda alikuwa nje, anaanika. Akakaa juu ya kikapu cha nguo. "Keziah, yale maneno uliandika lini?"

"Mwezi wa tano, kabla sijaondoka. Wiki tatu nzima, Mama! Kila somo na lake. Mia moja na ishirini. Nilisema angalau kila asubuhi awe na mtu wa kucheka naye." Halafu sauti ikashuka. "Mama. Hukufuta, sivyo?"

"Kwa penseli, Keziah?"

"Mama, ni nani nyumbani kwetu aliyewahi kuandika kitabuni kwa wino?"

Hapo hapakuwa na wa kumlaumu mwenzake. Mmoja alitii sheria alipoandika, mwingine alitii sheria alipofuta.

"Unaweza kuyaandika tena?" akauliza Rhoda. "Hata kumi. Nitakutumia kitabu."

"Sikumbuki, Mama. Yalikuwa yanakuja tu, tukiwa wote pale, ninyi mkibishana kuhusu kuku." Kengele ikalia upande wake. "Ni mzee wangu wa chumba cha tisa, ananiita. Nitajaribu, sawa? Nitajaribu."

Rhoda aliijua "nitajaribu" ya mtu ambaye maisha yake yamehamia kwingine.

Aliingia akakichukua kitabu, akakipeleka dirishani, akakiinamisha huku na huku kwenye mwanga atafute alama ya penseli. Hapakuwa na kitu. Miaka kumi na saba humfanya mtu fundi.

Junia alikuwa mlangoni anamtazama.

"Ulijua kilikuwa na nini?" akauliza Rhoda.

"Aliniambia kuna kitu. Akasema nisichungulie mpaka mwaka wangu ufike."

"Na hukuchungulia?"

"Hapana."

"Nilitaka usikae na raba peke yako, mwanangu. Hilo tu."

"Najua, Mama."

"Basi lia hata kidogo. Au nigombeze."

"Nimebakiza swali la tisa," akasema Junia, akarudi mezani.

Mtoto angelia, Rhoda angepata kazi ya kufanya. Sasa alibaki na mikono isiyo na kazi. Kesho yake aliamka mapema, akafungua somo la pili, akaandika pembeni kwa penseli: *Junia, unajitahidi sana. Mama.* Somo la tatu: *Kumbuka kunywa maji.* Junia alisoma, akafanya hesabu zake, asijibu. Dwight alichungulia kabla ya kwenda kazini, akakuna shingo.

"Mpenzi, hii ni barua ya ofisini. Mwandikie mzaha."

"Mzaha gani?"

"Wowote. Nitanie mimi."

Kwa hiyo somo la tano likapata: *Leo baba yako ametia chumvi kwenye kahawa.* Ilikuwa kweli, alitia, lakini katika maandishi ya Rhoda ilikaa kama taarifa. Somo la sita aliacha nafasi, akakosa neno, akachora kuku. Kuku akafanana na kiatu.

Nyumba ilizidi kunyamaza. Mtoto alimaliza kazi mapema kila siku, bila makosa, bila swali, akaenda kukaa barazani kwenye ngazi ya chini. Rhoda alijaza daftari la saa za masomo ambalo nyumba kama zao hutakiwa kutunza, na kila alipoandika tarehe aliona Oktoba inamsogelea kama ng'ombe asiyeogopa ua. Masomo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, na mtoto alikuwa ananyauka mbele ya macho yake.

Siku ya saba Junia alikuwa ametoka kuokota mayai. Rhoda akafungua somo la saba ili aweke neno la siku, akakuta pamekwisha andikwa. Wino wa buluu. Maneno machache:

*Mama, usiniandikie. Kaa.*

Mkono wake ulienda wenyewe kwenye raba. Alisugua kabla hajafikiri, na karatasi ikachanika nyuzi nyuzi kuzunguka neno, lakini neno lenyewe halikutoka. Ndipo akaacha. Aliitazama ile buluu. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ile haokoti kalamu ya wino kwa bahati mbaya. Alijua kitabu hakina wa kukirithi. Alilijua hilo kabla ya mama yake.

Junia akaingia na mayai. Akaona kitabu kiko wazi, akaona raba, akasimama.

Rhoda akavuta kiti, akakaa. Kilikuwa cha Keziah.

"Chako ni kile," akasema Junia.

"Kile kina nguo."

"Kina nguo tangu nizaliwe."

"Basi niache hapa."

Junia akaweka mayai, akaja akakaa mahali pake. Akamsogezea mama yake penseli na karatasi. Kitabu cha majibu akakichukua, akakikalia.

"We mtoto! Unataka nifanye hesabu?"

"Somo la saba. Mbona sisi tunafanya?"

Rhoda akainamia karatasi. Toka pale kitini jiko lilikuwa jiko jingine. Meza ilikuwa ndefu kuliko alivyoijua. Viti vingine vilikuwa virefu, na vitupu. Na mbele yake, dirishani, mahali ambapo miaka yote akizunguka hakuwahi kupatazama, ilionekana barabara ya kokoto kutoka kilimani mpaka darajani. Alikuwa kwenye swali la pili vumbi lilipoinuka, na basi la njano likapita, vichwa vimejaa madirishani, halikupunguza mwendo.

"Linapita hapa kila siku?" akauliza.

"Kila siku. Saa hizi."

"Na wewe huwa unaliangalia?"

"Sote tuliliangalia, Mama," akasema Junia. "Ezra alikuwa analihesabia vichwa."

Vumbi lilichukua muda kutulia. Mwisho wa Oktoba ulikuwa bado uko palepale, hakuna aliyeutaja. Rhoda akarudi kwenye karatasi yake, akahamisha namba upande huu, akahamisha upande ule, akaandika jibu.

Junia akasogeza kichwa, akatazama juu ya bega lake. Akakohoa. Kisha, baada ya kungoja kidogo, akakohoa tena.

Rhoda akachukua raba, akafuta, akaanza upya.