Nereah na Mgeni wa Rundo la Magugu

Nereah Aluoch hakufuga nyoka. Huku Kawangware wanasema alimfuga kwa mayai ili amletee bahati, na kule Mashimoni, Kibera, alikouza omena, dagaa wa ziwani, kwa miaka mingi, wameongeza kwamba alimleta mwenyewe kutoka ziwani ndani ya kikapu. Neno hilo nimelisikia hata mlangoni mwa kanisa, likinong'onwa na watu waliokula mboga zake. Mimi ni mjane wa mwanawe, Nashon. Niliishi na mama ukuta kwa ukuta mpaka siku alipopelekwa hospitali. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu nilipotoka chuoni, na si kawaida yangu kujibizana na watu wa foleni ya maji. Lakini jina linalochezewa ni la nyumba yetu, kwa hiyo nitaeleza jinsi mambo yalivyokuwa.

Alizaliwa Uyoma, karibu na ziwa, kwa mama aliyeishi kwa jembe. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, akamlea Nashon peke yake. Nashon alipopata kazi ya ufundi wa mabomba Nairobi, mama alimfuata, lakini hakutaka kukaa kwa mtu akilishwa. Alipanga chumba Mashimoni, akatandaza gunia kando ya njia na kuuza omena kwa kopo. Alizipepeta mchanga kabla ya kupima, jambo ambalo wauzaji wenzake hawakulipenda, na wanawake walitoka mpaka Soweto West kuja kununua kwake.

Nashon alifariki mwaka wa 1994. Haukupita muda macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Alikuwa akipima omena na kuzimwaga nje ya mfuko wa mteja. Nikaenda kumchukua, nikamleta Kawangware. Kwetu mama halali ndani ya nyumba ya mwanawe, hata mwana akiwa amezikwa, kwa hiyo nilimpangia chumba chake kando ya changu. Waliosema nilimtenga wanaijua desturi hiyo kama ninavyoijua mimi.

Nyuma ya vyumba vyetu palikuwa na kipande cha shamba kilichoteremka mpaka kijitoni. Mwenye ploti alituruhusu kukilima. Nilipanda sukuma wiki kwa mistari niliyoinyoosha kwa kamba. Mama hakupanda kitu, alingoja kiote. Mnavu ulijiotea, mgagani ukajiotea, mlenda ukatambaa mpaka katikati ya mistari yangu, naye akavilinda vyote. Hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Alisugua jani kati ya vidole, akanusa, akajua.

"Nyar Gem, umeng'oa osuga yangu tena," alizoea kusema. Osuga ndio mnavu, na aliniita binti wa Gem kwa sababu ndiko nilikozaliwa.

"Mama, hayo ni magugu. Yanakula mbolea ya sukuma."

"Sukuma ndiyo magugu. Nani aliialika? Mtu alienda dukani akanunua mbegu, akailazimisha. Osuga imekuja kwa miguu yake."

Hata yale ambayo yeye mwenyewe alikubali kuwa ni magugu hakuruhusu yachomwe. Aliyarundika mwisho wa shamba, karibu na ua, pamoja na mabua ya mahindi ya jirani, mpaka rundo likanifika kiunoni. Nilipotaka kuliwasha moto alinikataza. "Humo kuna watu," alisema, akimaanisha vyura na mijusi.

Siafu walipoingia chumbani mwake mara moja, alitoka na kigoda chake, akaketi nje na kungoja wapite. Mimi nilikimbia huku na huku na kopo la majivu. Walipoondoka, alirudi akapapasa kitanda na kuniambia kwamba wamemaliza kunguni. Na kumbikumbi waliporuka baada ya mvua, aliweka karai la maji chini ya taa yangu, akawaokota kwa kupapasa. Wayua, jirani yetu Mkamba aliyefuga kuku wachache uani, alimwita shosho, yaani bibi, na alipenda kumchokoza.

"Shosho, bakishia kuku yangu."

"Kuku yako iende ijitafutie. Ina macho kuliko mimi."

Hivyo ndivyo alivyoishi. Alikuwa mtu wa kawaida, mcha Mungu, aliyesali jioni kwa sauti ambayo ukuta haukuizuia.

Kisha ikaja ile mvua ya mwisho wa mwaka wa 1997, ambayo redio iliiita El Nino. Kijito kilipanda mpaka kikameza nusu ya shamba. Kila kilichoishi kando ya maji kilihamia kwetu: konokono, vyura, na panya wengi kuliko nilivyowahi kuona. Jumamosi moja asubuhi, mvua ikiwa imepumzika kidogo, mama aliniita kwa sauti ya mtu aliye ibadani.

"Nyar Gem, njoo polepole. Ng'ielo amekuja."

Ng'ielo ni chatu. Kwao Uyoma, chatu akionekana shambani mwa mwanamke wakati wa mvua, haguswi. Ni mgeni. Huwekewa yai, hunyunyiziwa unga, na watu hupita kando wakizungumza kwa upole mpaka aondoke mwenyewe. Huacha mavuno nyuma yake. Alikuja hivyo kwa mama yake Nereah, Nereah akiwa msichana, na mwaka ule walikula hadi wakagawia majirani. Hii si siri wala uchawi. Ni heshima ya kwao, na aliishika bila kuacha kanisa.

Lakini aliyejikunja juu ya mabua yale hakuwa chatu. Alikuwa mfupi na mnene, kichwa kipana, na mgongoni alikuwa na michoro ya rangi ya majivu na kahawia iliyopangika kama vichwa vya mishale. Alikuwa moma. Nimewafundisha watoto habari zake kwa picha. Ni nyoka mzito asiyeondoka njiani mtu akija, na ndiyo sababu huuma wengi, na sumu yake huozesha nyama. Kwa macho yenye ukungu, nyoka mnene mwenye madoa ni chatu ambaye hajakua. Nilimshika mama mkono, nikamvuta nyuma.

"Mama, huyo si ng'ielo. Ni moma, ana sumu."

"Umemtazama vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Ni mnene?"

"Ni mnene."

"Ana madoa?"

"Anayo, lakini si ya chatu."

"Amekimbia ulipokuja na kelele za viatu?"

"Hajakimbia."

"Basi. Mwenye nia mbaya hukimbia. Huyu ametulia kwa sababu amefika alikokuwa anakuja." Kisha akaongeza, "Nashon ameenda. Macho yameenda. Nilidhani kule nyumbani hakuna anayejua nilipo. Sasa nimetafutwa mpaka huku Kawangware, nyar Gem, na wewe unataka nimfukuze."

Nilikuwa na majibu yote kuhusu nyoka. Badala ya kuyatoa, nilimrudisha mlangoni pake.

Nilijaribu kila lililowezekana. Nilipiga simu kutoka dukani kwa wanaoshughulikia wanyama wa porini. Waliniambia gari halivuki daraja la kuja kwetu mpaka maji yapungue, na maji hayakupungua. Nilimwagia rundo mafuta ya taa nikaliwasha. Lilikuwa limelowa mpaka ndani, moto ukafuka moshi na kufa. Nikamwita Shivachi, seremala wa ng'ambo ya njia, mtu wa Kakamega asiyeogopa kitu. Alikuja na jembe lenye mpini mrefu. Alipofika, mama alikuwa ameketi juu ya karai lililopinduliwa, mbele ya rundo.

"Mama, sogea kidogo nifanye kazi," Shivachi alisema.

"Shivachi, ulinitengenezea mlango ukafunga vizuri. Leo umekuja kumpiga mgeni wangu?"

"Mgeni gani hana hata mguu moja?"

"Asiye na mguu ndiye amesafiri kwa taabu. Wewe ulikuja Nairobi kwa basi."

Shivachi alicheka bila kupenda, akateremsha jembe. "Mwalimu, siwezi kuinua jembe juu ya kichwa cha mama ya mtu. Mtoe kwanza, uniite."

Tulimbembeleza, tukamwinua, tukamwingiza ndani. Shivachi akachokoa rundo mpaka akalowa jasho, lakini chini yake kulikuwa na mashimo ya fuko, na nyoka alikuwa ameshazama humo. Alirudi siku nyingine, na nyingine, na mambo yakawa vilevile. Moma alijitokeza pale tu alipokuwapo mama peke yake, ametulia.

Wapo wanaouliza kwa nini sikumfungia. Mama mkwe hafungiwi kwa kufuli kama mbuzi. Nilificha mayai na unga. Akanunua mayai kwa Wayua, ambaye alijua fika yanakokwenda. Niliwasikia kupitia dirisha langu.

"Shosho, leo unataka ngapi?"

"Moja. Mgeni hana tamaa."

"Na huyo mgeni analipa rent?"

"Ameleta mvua."

"Hiyo mvua imetosha. Mwambie choo yetu imejaa."

Walicheka wote wawili. Jioni hiyo hiyo, penye foleni ya maji, yale mayai yalikuwa yamekwisha kugeuka kuwa sadaka ya uchawi. Simchukii Wayua. Nasema tu mayai yalitoka banda gani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mayai yalitoweka, na kila yalipotoweka mama alifurahi. Moma hali mayai. Waliyachukua panya, na unga aliounyunyiza uliwaita panya wengine, na panya hao ndio waliomshikilia moma pale. Kwa hiyo kadiri alivyomkaribisha kwa heshima ndivyo alivyomlisha kwelikweli. Nilimkalisha nikamweleza jambo hili hatua kwa hatua, kama ninavyoeleza darasani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo anakula," alisema, akatabasamu.

Siku alipoumwa nilikuwa shuleni. Niliporudi alasiri nilimkuta ameketi kitandani, mkono wa kulia umefungwa kwa leso.

"Nini hiki, Mama?"

"Amenisalimu tu. Nilikuwa nachuma osuga kando ya rundo, nikamgusa bila kubisha hodi. Kosa ni langu."

Nilifungua leso. Mkono ulikuwa umevimba mpaka juu ya kiwiko, ngozi imenyooka na kung'aa, na palipoumwa pameanza kuwa peusi. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi. Wayua alipita mlangoni akamjulia hali, naye akajibu ni mzima. Hakutaka kumwita mtu, maana alijua watakachomfanya mgeni.

Magari hayakuwa yakifika kwetu wiki hiyo. Shivachi alileta mkokoteni, tukamlaza juu ya godoro, tukazunguka njia ndefu kwa sababu daraja lilikuwa chini ya maji. Wayua alitembea kando yetu akimshikia mwavuli njia nzima, yeye mwenyewe akinyeshewa; hilo pia nalisema kwa kuwa ni kweli. Hospitalini daktari aliutazama mkono, akaniuliza aliumwa saa ngapi, nilipomjibu akaenda kutafuta dawa. Dawa ya sumu ya nyoka haikuwapo. Waliagiza itafutwe kwingine, na kwingine huko kulikuwa ng'ambo ya mafuriko. Nilisimama na vyeti vyangu vyote vya ualimu, nikamshikia mama kikombe cha maji. Ndicho nilichoweza kufanya.

Nyuma yetu vijana wa ploti walifukua rundo mpaka chini, wakampata, wakamuua, wakamtundika kwenye ua. Watu walitoka pande zote za Kawangware kuja kumtazama. Kila aliyefika pale aliona kwa macho yake mazima kwamba alikuwa moma wa porini, tena mdogo. Hakuna binadamu anayefuga moma. Hilo wanalijua, na bado wanasema.

Mama hakuambiwa kwamba nyoka ameuawa. Alilala mkono ukiwa juu ya mto, weusi umefika begani, akiniuliza kama mvua bado inanyesha na kama mnavu umesimama. Nikamwambia umesimama. Kisha siku moja, muuguzi akiwa anambadilishia kitambaa, aligeuza uso kwangu.

"Nyar Gem, wewe umesoma, na hujawahi kunidanganya hata siku moja. Huu mkono wangu unanuka. Ng'ielo hana sumu. Niambie. Yule aliyekuja alikuwa nani?"

Muuguzi aliacha alichokuwa akifanya. Ana jamaa zake Mashimoni, na kupitia kwake watu walijua kwamba niliulizwa, na kwamba niliinama nikamjibu mama sikioni. Mama alinishika vidole kwa mkono uliokuwa mzima. Alifariki mchana wa kesho yake.

Tulimzika Uyoma kwa heshima zote, kanisa likiwapo. Wayua ameniuliza nilimjibu nini. Mchungaji ameniuliza, kwa upole. Shemeji zangu, binamu zake Nashon, waliniuliza kando ya kaburi, kwa madai kwamba ukoo una haki ya kujua mama yao aliondoka akiamini nini. Aliyeuliza swali lile ni Nereah, na jibu alipewa yeye. Sitalirudia kwa mtu yeyote, wala hapa.