Yai la Ouma na kisima ambacho hakijachimbwa

Kila nikiandika "alikuwa" nafuta. Engineer Ouma, mwenzangu wa ofisini hapa Kisumu, amefariki jana asubuhi. Moyo tu, ukasimama. Siamini, na leo sina mpango wa kuamini.

Kwa wasiomjua: ndiye aliyesema chemchemi za maji moto chini ya vilima vya Homa zinaweza kutupa umeme wetu wenyewe. Wengi mlimcheka.

Kila mgeni wa site alipewa yai. Ouma alilizamisha kwenye chemchemi, na mkutano haukuanza mpaka liive. "Kula kwanza, ndio uniambie hii maji ni baridi."

Lakini hakuwa mtu wa porojo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuonya kwamba yai kuiva si turbine kuzunguka. "Hapa juu inadanganya, omera, ndugu yangu. Joto yenyewe iko chini, na bila drilling hatujui kitu." Ndiyo maana aliomba kisima kimoja tu cha majaribio.

Mkubwa mmoja akamwambia kisima kinaweza kutoka kikavu, pesa zikaishia ardhini, na umeme wa mvuke wa Naivasha unatufikia tayari. Ouma hakubisha. "Ni ukweli, Mzee. Umeme peke yake hailipi. Lakini joto ikishapita kwa turbine, si tuuze pia?"

Alijua pa kuliuza. Mama yake alikuwa muuza omena, dagaa wa ziwani, huko Luanda Kotieno. Mvua ikikazana, omena walioanikwa juu ya nyavu waliharibika wote, na Ouma alirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo. Alitaka joto linalobaki likaushe omena, mvua inyeshe isinyeshe. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kukubali.

Sasa nasikia wakubwa wa ofisi Alhamisi mnakutana kuifunga project, eti mwenyewe hayupo. Mwili wake haujatoka hata mochari. Mna haraka ya ajabu nyinyi watu.

Basi nisikilizeni. Hesabu hizo tulizifanya pamoja, nazijua zote. Alhamisi nitakaa kwenye kiti chake. Kabla ya hapo nitapitia Homa na mayai, moja kwa kila mtu mezani, na hakuna atakayesema hapana kabla hajameza.

Ouma, nimekasirika kwamba umeondoka kabla ya kuona mvuke. Lakini umechoka, ndugu yangu. Lala, lala salama.

Sisi tutachimba.