Kasuku wa Bi Zuwena tulivyomtoa kwa adabu zetu

Wakuu, salaam kwenu, mlioamka na mnaopiga miayo bado.

Haya nnayoandika ni kweli. Mnanijua, mie msomi wa madarasa ya usiku, nimesoma hesabu kwa taa ya chemni, mpaka leo nikiona kumi nnasema ishirini. Lakini leo chumvi nimetia kwenye mchuzi tu. Nyama ni kweli tupu.

Nimeona humu watu wanavyotafutiana makao ya paka na ndege, rehoming mnaita. Nikamkumbuka Bi Zuwena.

Ilikuwa Matrah, huku Omani, mwaka wa sitini na sita au na saba. Sisi tuliotoka Unguja baada ya mapinduzi tulikaa kichochoro kimoja, chembamba hata ukipiga chafya, jirani wa tatu ndiye anayekuombea rehema.

Bi Zuwena, mjane, alikuja na kanga zake na kasuku wa kijivu wa marehemu mumewe. Kila mchana sufuria ikiteremshwa, kasuku husema kwa sauti ya marehemu, na kikohozi chake mwanzo:

"Zuwena, ushakula?"

Naye humjibu, "Nishakula." Hata kama hajala.

Bi Zuwena akaingiwa na mtoto wa jicho. Ikapatikana nafasi ya matibabu Bahrain, lakini mwenyeji wake kule hataki ndege nyumbani. Bi Zuwena akasema basi, bora kipofu.

Kichochoro kizima kikamkalia kikao. Kasuku akae kwa Ami Khalfan, ndugu yake baba, mwenye baraza kubwa na msumari wa kutundikia tundu. Wengine tushike zamu, huyu papai, huyu mbegu, huyu kusafisha tundu. Mama akashona pazia la tundu. Ami akamwambia, "Hii amana, Bi Zuwena." Ndipo akakubali kwenda.

Wallahi kasuku alilishwa kuliko sisi. Alinenepa akawa bata.

Kisha akaja mgeni, Bwana Nasir wa Sib, mwenye mitende, ambaye Ami akinunua tende kwake. Mtu mwema, mzaliwa wa huku huku, Kiswahili hajui. Akanywa kahawa, akamtazama kasuku, akamsifu, akamsifu tena.

Sasa wakuu, adabu zetu mnazijua. Mgeni akisifu kitu unamwambia chukua, ni chako. Naye anasema Mungu akuzidishie, kikae kwako. Unamshikilia, anakataa, mnacheka, yamekwisha. Unguja kwa siku moja ungepewa nyumba saba na visima vyake, ukarudi kwako mikono mitupu.

Ami akasema, "Mchukue, ni wako."

Bwana Nasir akashukuru kwa moyo, akainuka na tundu.

Kwake neno la mwenyeji ni neno. Kulikataa ni kumvunjia heshima.

Mama akamwambia Ami amkimbilie, hajafika mbali.

"Nimfuate mgeni nimpokonye zawadi? Watasemaje juu yetu, sisi wa kuja jana?"

"Shemegi, umetoa kisicho chako."

Wazee wote wakamuunga mkono Ami. Ndio hao hao waliokuwa wakikata papai kwa zamu.

Bi Zuwena alirudi anaona. Cha kwanza kutazama ni msumari wa baraza. Ami akamweleza, macho chini. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe macho nimetibiwa nije nione msumari."

Mama akanituma nimpeleke Bi Zuwena Sib. Tukapanda lori la tende, likirukaruka juu ya mawe makubwa kama ngamia waliolala.

Bwana Nasir alitupokea vizuri mno. Tundu lilikuwa safi, kivulini. Nikamweleza yote kwa Kiarabu, akashika kichwa. Akamgeukia Bi Zuwena.

"Mama, sikujua. Mchukue, ni wako."

Na Bi Zuwena, mtoto wa watu, aliyelelewa akaleleka, akajibu kwa Kiarabu chake kidogo, "Mungu akuzidishie. Akae kwako."

Akangoja. Nami nikangoja. Aseme mara ya pili tu, wakuu.

Bwana Nasir akainamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa amemsikia, na amemwamini.

Nikafungua mdomo, Bi Zuwena akanifinya paja. "Nishasema, mwanangu."

Tulipofika mlangoni, nyuma yetu kikohozi kikaanza. "Zuwena, ushakula?"

Hakugeuka. Akasema polepole, "Bado."

Somo nililopata: mtu akikuachia mnyama wake, kakuachia kipande cha nyumba yake. Papai na pazia vyote vizuri, lakini siku moja utatakiwa uaibike kwa ajili yake, na hapo ndipo kichochoro chetu kizima kilipokimbia. Msumari wa Ami ulibaki mtupu mpaka nyumba ikavunjwa.

Nanyi mlioachiwa amana yenye mbawa au mkia, semeni yaliyowakuta. Ila msinisifie sana uzi huu. Nikisema uchukueni, nnamaanisha.