Matabishi ya Futi Arobaini

Ndege ndogo nilijua kuirusha kukiwa na jua, cheti ninacho. Lakini huku Rusizi jua ni mgeni. Asubuhi ziwa linatoa ukungu, mchana mawingu yanakaa juu ya vilima vya Mibirizi kama yamekodi nyumba. Rubani asiye na ruhusa ya kuruka ndani ya wingu kwa kufuata vipimo peke yake ni sawa na muuza miavuli anayefunga duka mvua ikinyesha.

Basi nikaanza kusoma upya, uzeeni. Mwalimu wangu alikuwa mama aliyelelewa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, kama mimi, na mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa ya wiki ya tatu. Bila sahihi yake hakuna mtihani. Ningeanza tena Kigali, kwa mwalimu mwingine. Wiki ya tatu nilikuwa nimechoka mpaka chakula kilinichosha kutafuna.

Tatizo langu lilikuwa kusoma kila kipimo mara mbili. Nimenunua maharage miaka mingi kwa watu wenye mizani yenye maoni yake.

"Papa, ukimaliza kuhesabu mara ya pili, ile ya kwanza imeshaoza," aliniambia. Kwa adabu ya Bukavu mimi nilikuwa Papa, yeye Maman.

Alhamisi tulikuwa tunarudi kutoka Kigali. Wingu likatumeza juu ya msitu wa Nyungwe. Mwili ukaniapia kwamba tumelalia kushoto. Kipimo kikasema tumenyooka. Nikakitii kipimo, shingo ikiuma kwa kubishana na mwili.

Tukaanza kushuka uwanjani. Kanuni ni fupi: ukifika kimo ulichopewa, siku ile futi mia tano juu ya ardhi, na huoni piste, njia ya kutua, unapanda.

Mia sita. Mia tano na hamsini. Kijivu kitupu. Mia tano.

"Unaona piste?"

"Bado, Maman."

Mkono wangu ulitakiwa kusukuma nguvu zote za injini. Haukusukuma. Sokoni kwetu, ukishapimiwa maharage, muuzaji anakuongezea kiganja kimoja juu, matabishi, na hakuna mwenye akili anayeondoka bila kuyadai. Mimi nikayadai kwa wingu, nikaendelea kushuka.

"Kidogo tu, Maman. Iko hapa chini."

"Nani amekuambia?"

Akashika usukani mwenyewe. Injini ikanguruma, tukapanda. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Mulima haitoe matabishi, Papa."

Mara ya pili ukungu ulipasuka tukiwa bado juu, nikatua kwenye lami iliyolowa, taratibu, kama naweka mayai mezani. Nilidhani kutua kule kutanisaidia. Ofisini nikaanza kazi ninayoijua, kupatana bei.

"Maman, ni futi chache tu chini ya kimo. Bantu wawili wakisimama mumoja juu ya mwenzake, hazifiki hata mara nne."

"Zilikuwa ngapi?"

"Arobaini."

"Una hakika?"

"Nilisoma mara mbili."

Akanitazama. "Basi ulijua. Asiyejua ninamufundisha. Wewe ulisoma, ukasoma tena, ukashuka."

Akakifunga kitabu changu cha safari bila kutoa kalamu, akanisukumia mezani kwa mikono miwili, kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyonimaliza.

Ijumaa akaondoka. Jumatatu nikapiga simu Kigali kuuliza nitahitaji saa ngapi za kuruka na mwalimu mpya. Wakasema kumi na tano. Nikaandika kumi na tano, bila kuomba wapunguze hata moja.